Boti Iliyoulizwa Kwao

Siku Kamati ya Usafiri wa Majini ilipokuja ukingoni mwa Malagarasi kufunga mashine ya kuonyesha mahali, Winifrida alikuwa anachemsha maharage ya wageni. Ilikuwa mwaka 1976, mvua za vuli zimeanza na kuni ni mbichi. Alikuwa ameinama juu ya mafiga, moshi unamwingia machoni, na kila alipojifuta kwa ncha ya kitenge aliwaona wanakamati wakishuka kwenye Landirova mmoja mmoja, wakinyanyua miguu kama kuku waliokanyaga matope. Mto ulikuwa mbele yao. Ukisimama ukingo huu ukamwita jirani wa ng'ambo aje kula, anakusikia vizuri, na akijua chakula chenyewe ni ugali wa muhogo na maharage anakujibu kwamba ameshiba. Huo ndio mto ambao Kamati ilihofia boti yake ingepotea.

Mashine ilikuwa zawadi. Wahisani wa nje walikuwa wameitumia miaka kadhaa kwenye meli ya baharini, wakapata mpya, wakaona aibu kuitupa. Kazi yake ilikuwa kupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti zinazopita juu angani, kisha kupiga hesabu na kuonyesha kwa tarakimu chombo kiko wapi duniani. Mwenyekiti wa Kamati, Ndugu Abdulrahmani, aliipokea kwa mikono miwili akiwa amevaa suti ya Kaunda yenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani. Alipenda kusema kwamba yeye ni mtu wa pwani kwa upande wa babu na kwamba bahari iko katika damu yake. Aliivuka mara moja, kwenda Unguja, akatapika njia nzima.

Boti nayo ilikuwa ya milango. Hakuna aliyeficha jambo hilo. Miaka miwili nyuma watu wa vilimani walihamishwa kwa malori wakaletwa hapa kandokando ya barabara, kwenye kijiji kipya kilichopimwa kwa kamba. Waliambiwa wapande na sufuria, magodoro na watoto, milango itafuata na lori la pili. Nyumba zikatiwa moto ili mtu asije akapata mawazo ya kurudi. Milango kwa kweli ilifuata, maana ilikuwa imeng'olewa kabla ya moto, ila lori la pili liliishia katika uwanja wa Kamati, na huko mafundi wakaambiwa watengeneze boti. Watu wa kijiji kipya wakatundika mikeka milangoni. Mbuzi akitaka kuingia anaingia, na fisi vilevile.

Mlango wa Winifrida ulikuwa wa mninga. Mumewe, Hatungimana, aliuchonga mwenyewe mwaka waliooana, na chini yake akakata tundu la kuku, kwa sababu mkewe alichoka kuamka alfajiri kuwafungulia. Hatungimana alikufa kabla ya malori kuja, akazikwa hatua chache kutoka kizingitini, upande wa kulia kwa mtu anayetoka. Sasa mlango ule ulikuwa umelazwa ndani ya kibanda cha nahodha, umekuwa meza. Tundu la kuku lilikuwa limezibwa kwa bati la debe la mafuta. Winifrida alilitambua siku ya kwanza boti ilipoletwa. Hakulia. Alikwenda kwa Ndugu Abdulrahmani akaomba mlango wake.

"Mama," Mwenyekiti alimjibu, "ule si mlango tena. Ni chombo cha usafiri."

Tangu hapo alimwomba kila alipomwona, kwa maneno yale yale, na Mwenyekiti akamjibu kwa maneno yale yale, na katikati ya kuomba na kujibiwa alimpikia maharage, maana ndiyo kazi aliyopewa.

Fundi aliyefunga mashine aliitwa Khatibu. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Kasulu, karibu na msikiti, na Kamati ilimchukua kwa hoja kwamba mashine ina nyaya na yeye amezoea nyaya. Aliifungia mashine juu ya ubao wa mninga kwa misumari ya skrubu, pembeni kidogo ya lile bati. Akasimika eriali juu ya mwanzi mrefu, akaunganisha betri ya lori, akafungua kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa lugha ya wahisani. Alikisoma kwa kidole, midomo ikichezacheza. Wanakamati walisimama nyuma yake wakitingisha vichwa kila alipofungua ukurasa, kama watu waliokuwa wakifuata.

"Haiwaki?" aliuliza Mwenyekiti.

"Inawaka, Ndugu Mwenyekiti. Ila haianzi kazi mpaka iambiwe mahali pa kuanzia. Inataka asili ya chombo."

"Sema Kiswahili chepesi, bwana. Hapa kuna wananchi."

Khatibu akafikiri. "Inauliza boti kwao wapi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu huku Buha swali hilo si geni. Mgeni akiingia uani haulizwi yuko wapi, maana anaonekana yuko wapi, amekaa kwenye kigoda chako. Anaulizwa kwao. Akishataja kilima na jina la baba, ndipo anapewa maji. Kwa hiyo hakuna aliyeona kosa katika tafsiri ya Khatibu. Kila mtu aliona mashine ina adabu.

Wote wakamgeukia Kipriani, nahodha. Kipriani alikuwa mvuvi wa Rumonge, Burundi, aliyevuka mpaka mwaka 1972 akikimbia mauaji, akiwa na kasia begani na bila kingine chochote, na Kamati ilimpa boti kwa sababu ya lile kasia. Alidhani ameulizwa yeye. Aliutazama mto.

"Si wewe," Khatibu alimwambia. "Boti."

"Aa, boti," alisema Kipriani. "Hiyo mimi sijui. Mimi nimeikuta."

Winifrida alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda na sinia la vikombe vya chai. "Huo ubao mnaoegemea ni wa upande wa Nyabibuye," alisema. "Kwa Hatungimana, juu ya kilima, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Iwachu, yaani kwetu."

Harufu ya maharage ilikuwa imeshaingia kibandani. Mjumbe mmoja alianza kusema kwamba suala la asili lipelekwe kwanza kwenye kamati ndogo, lakini tumbo lake likanguruma katikati ya sentensi, na Mwenyekiti akatoa uamuzi. "Andika hivyo hivyo, fundi. Tukale." Khatibu akakitafuta kilima kwenye ramani, akazungusha vitufe akaingiza tarakimu zake. Mashine ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayekubali jambo huku mdomo umejaa.

Walipotoka kula walikuta mashine inaonyesha kwamba boti iko juu ya kilima.

Khatibu alikagua nyaya zote. Alifungua fyuzi akaipuliza, akaifuta kwa shati, akairudisha. Aliuhamisha mwanzi wa eriali kutoka upande wa mbele hadi wa nyuma, akihisi miti ya ukingoni inazuia mawimbi. Akabadilisha betri kwa kuchukua ile ya Landirova, jambo lililowakera wanakamati kuliko yote. Akaunganisha waya wa ardhini na kuuzamisha mtoni pamoja na kipande cha chuma. Mwenyekiti, kwa upande wake, aliipiga kofi ubavuni, kwa kuwa redio ya nyumbani kwake ilikuwa ikisikia dawa hiyo. Tarakimu hazikubadilika. Kipokezi kilikuwa kinapokea vizuri, setilaiti zilikuwa zinapita kwa wakati wake, na boti ilikuwa kilimani.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Khatibu, "tupo majini. Mashine inakosea."

Mwenyekiti alitazama maji yaliyokuwa yakipiga ubavu wa boti, kisha akaitazama mashine, na ilionekana wazi ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa na heshima mbele yake. "Mashine hii imeongoza meli za watu baharini," alisema. "Wewe umeongoza nini? Kumbukumbu zionyeshe kwamba boti iko kilimani."

Katibu wa Kamati akaandika. Wakapeana mikono, wakapanda Landirova, ikagoma kuwaka kwa sababu betri yake ilikuwa kwenye boti, wakaisukuma wenyewe kwenye utelezi huku Winifrida akiosha vyombo. Aliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona. Katika maisha yake aliwahi kufuga kanga, bata na beberu mmoja mwenye kichwa kigumu, na hakukumbuka mnyama aliyekuwa mjinga kwa bidii namna ile.

Kulipokucha boti ilikuwa kilimani.

Kipriani, ambaye hulala ndani yake, aliteremka kwa miguu kuja kunywa uji, akaeleza kwamba iling'oa nanga yenyewe jogoo walipoanza kuwika, ikapanda ukingo taratibu, ikafuata njia ya zamani ya ng'ombe. Kwenye shamba la maharage la watu wa Kitahana ilipinda, ikapita pembeni bila kuvunja mche. Ilikuwa imeacha mfereji wa maji kwenye nyasi njia nzima na kambare wawili watatu, ambao watoto walikuwa wameshawaokota.

"Ulipiga honi?" Winifrida alimuuliza.

"Nilipiga, mama. Kwenye kona."

"Basi," alisema Winifrida, akamwongeza uji.

Kamati ilileta trekta, ikaivuta boti chini hadi mtoni. Ikakaa. Khatibu akawasha mashine, na kabla hajafunika kifuniko chake boti ikageuza pua, ikapanda tena ukingo, safari hii mchana kweupe, na trekta bado imefungwa nyuma yake. Wanawake waliokuwa wanapalilia walisogeza watoto wao kando wakaendelea kupalilia. Mzee mmoja alilalamika kwamba vyombo vya serikali siku hizi havisimami kupakia watu.

Mashine ikizimwa, boti ilitulia popote ilipo kama boti yoyote. Dawa ilikuwa nyepesi basi: kuizima. Lakini wahisani walikuwa wameandika kwamba watakuja kuona zawadi yao ikifanya kazi, na Mwenyekiti alikuwa ameahidi kuwapokea ikiwa inawaka. Khatibu akaambiwa airekebishe. Alijaribu kuipa asili nyingine. Alizungusha vitufe akaingiza Kibondo mjini, taa yake ikafifia na kuzimika. Akaingiza Kasulu, akaingiza Kasanda, taa ikazimika vilevile, na aliporudisha tarakimu za kilima ikawaka kwa furaha isiyofichika. Winifrida alikuwa anamletea chai. Khatibu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na majivuno tu ya mjini, na alikuwa amechoka.

"Mama, ubao huu kweli ni mlango wako?"

Winifrida alibandua bati la debe kwa kucha, akamwonyesha tundu la kuku. Kingo zake zilikuwa bado laini kwa kupitwa na manyoya.

Khatibu akashusha kikombe. "Mashine haina kasoro," alisema polepole. "Imeuliza na imejibiwa. Kilicho kigeni hapa ni boti."

Akaenda kumweleza Mwenyekiti. Winifrida alisimama nyuma yake safari hii, hakubaki jikoni. Khatibu alisema kwamba ufumbuzi upo: ubao wa mninga ung'olewe, mama apewe mlango wake, na mashine ifungwe kwenye ubao mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu malori, Winifrida alihisi moyo wake unapanda na kushuka kama wa msichana. Aliona mlango umesimama. Aliona mkono wake unasukuma komeo. Alikasirika na nafsi yake kwa kutumaini mbele ya watu kama wale, lakini alitumaini.

Mwenyekiti alikubali ifanyiwe majaribio. Khatibu akafungua skrubu, akaisogeza mashine kwenye ubao wa pili, wa mkuyu. Boti ikatikisika, ikageuka upande wa Kitahana, ikaanza kuondoka kuelekea kwenye majivu ya nyumba ya mtu mwingine. Akaisogeza kwenye ubao wa tatu, ikakata shauri kurudi nyuma kuelekea Kasanda. Wenye milango walikuwa wameanza kukusanyika ukingoni. Hawakupiga kelele. Kila boti ilipogeuka, mmoja wao alisema, "Huo ni wangu," na kunyanyua mkono kama mtu anayeitwa jina.

Mwenyekiti aliona mambo yanakwenda wapi. Ubao mmoja ukirudishwa, utarudishwa wa pili, na mwisho wake Kamati ya Usafiri wa Majini itabaki na injini, honi na Kipriani. Akaamuru mashine irudishwe kwenye mninga, kwa kuwa njia ya Nyabibuye angalau ilikuwa na nyasi nzuri. Kisha akaitisha kikao pale pale, wajumbe wamekaa juu ya magurudumu ya trekta, na kabla chai haijapoa wakawa wamepitisha azimio. Kilima kilitangazwa kuwa bandari.

"Ndugu wananchi," Mwenyekiti aliwaambia waliokusanyika, "tumekuwa na fikra finyu. Nani alisema boti lazima iende majini tu?"

Wakapiga makofi wale waliokuwa wamekaa karibu naye.

Winifrida alipita katikati yao. Mikono yake ilikuwa na unga. "Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtu wa hapo bandarini. Boti ikirudi kwao, nami nirudi. Nijenge kibanda tu, nikae."

"Hapana, mama. Amri ya kuhama iko pale pale. Hakuna kuishi vilimani."

"Boti imeruhusiwa."

"Boti ina kibali cha safari," alisema Mwenyekiti, na akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unachoma. "Nawe ukitaka kufika, utakata tiketi kama abiria wengine."

Basi wakajenga gati. Walilijenga juu ya kilima, la mawe na saruji, katika uwanja ambao kuku wa Winifrida walikuwa wakichakura, na wakatundika boya jekundu kwenye mgomba. Wahisani walikuja. Walipanda boti mtoni, wakapandishwa kilimani pole pole, wakaona mashine inawaka na tarakimu zake ni sahihi kabisa kwa ramani yao, wakapiga picha. Mmoja wao aliuliza kama hapa pamewahi kukaa watu. Mwenyekiti alisema hapana, ni nyika tu, na mkalimani akatafsiri vizuri. Walimwahidi mashine ya pili. Mwenyekiti alirudi Kibondo na kichwa kimevimba, na mwaka uliofuata alipandishwa cheo akasimamia mambo ya anga.

Khatibu alirudi kwenye redio zake Kasulu. Kabla hajaondoka, Kipriani alimvuta kando ya kibanda akamuuliza kwa sauti ndogo kama mashine ile inaweza kuambiwa Rumonge, hata siku moja tu, yeye angeleta kasia lake lifungiwe mashine juu yake. Khatibu akamwambia ule ni mpaka wa nchi, na kwamba kasia ni jembamba, skrubu hazitashika. Kipriani akashukuru. Hakuuliza tena.

Winifrida alikata tiketi yake Jumapili baada ya misa. Alikaa kibandani, karibu na mashine, mkono juu ya mninga, na boti ikatoka majini ikapanda. Alivijua vichaka vyote. Juu kilimani boti ilisogea yenyewe mpaka mahali penye mawe mawili ya kizingiti, ikatulia kati yake, ikatoshea vizuri kuliko ilivyowahi kutoshea gatini, kiasi kwamba mtu aliyesimama kibandani alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba isiyo na kuta. Akashuka. Aling'oa magugu kwenye kaburi, upande wa kulia kwa mtu anayetoka. Alimweleza Hatungimana habari zote tangu malori, bila haraka, na alipofika kwenye habari za Mwenyekiti alitema mate kando, mbali na kaburi. Akaketi. Jua lilikuwa linapendeza.

Honi ikalia.

"Mama Winifrida," aliita Kipriani, na hakumtazama usoni. "Tunageuza."

"Nitabaki."

"Tiketi yako ni ya kwenda na kurudi, mama. Ya kwenda tu haiuzwi kwa watu wa hapa. Wameniambia nikiacha mtu, nami wananirudisha nilikotoka. Nako wewe unakujua."

Winifrida alimtazama yule mtu mzima aliyesimama mlangoni mwake na kofia ya Kamati kichwani. Hakuwa na hasira naye. Hasira zake zote alizikusanya akampelekea Mwenyekiti, zikamngoje huko Kibondo. Akajipangusa majani, akapita juu ya kizingiti, akakaa. Kipriani akazima mashine, maana ikiwa inawaka boti haikubali kuondoka hapo, na wanaume waliokuwa wanangoja wakaisukuma chini ya kilima kwa mabega, kama walivyofanya kila siku baada ya hapo.

Alifika nyumbani jua linazama. Kuku walikuwa wameshaingia, na mbuzi wa jirani pia. Akamtoa mbuzi. Kisha akafunga mlango, yaani akashusha mkeka.